Idi hii sahani imevuka uchochoro

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Ujiji, Mwanga na Gungu, mlioko Tabora na Dar es Salaam, na nyinyi wa ng'ambo kule Uvira. Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu, na aliyeshindwa kufunga kwa maradhi ampe afya.

Mfungo wa ishirini na tano, adhana ya magharibi haijaisha, mjukuu wa Bamkubwa alipiga hodi kwetu na sahani iliyofunikwa kawa. Mama akafunua. Mgebuka wa mawese na muhogo wa kuchemsha, moshi bado unatoka. Akafunika tena, akakaa kwenye mkeka, hakusema kitu mpaka tukamaliza kuswali. Tangu 1987 hapakuwa na sahani iliyovuka uchochoro ule, na uchochoro wenyewe hauzidi hatua kumi. Kesho yake sahani haikurudi tupu. Mama aliijaza vitumbua, akaipeleka mwenyewe.

Wakubwa mnakijua kisa. Vijana wengi hamkijui, na mimi naona kuwaficha ndiko kulikotufikisha hapa. Babu alipofariki kulikuwa na ugomvi wa michikichi na kiwanja. Ugomvi wa urithi kila nyumba unao, nao huisha. Ila siku ile, mbele ya wazee waliokuja kugawa, Bamkubwa alimwambia Baba kwamba mjukuu wa mjakazi hana fungu. Bibi, mke mdogo wa Babu, alikuwa amekaa pale pale anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Mjakazi aliyetajwa alikuwa mama yake mzazi.

Wageni huja Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wakapiga picha chini ya miembe. Nimekulia hapo hapo, na hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniambia nani wetu aliletwa kwa njia ile ile ya misafara ya watumwa. Bibi mzaa Bibi alivushwa ziwa akiwa mtoto, kutoka Manyema. Wenzake wengi walipitishwa Tabora, wakatembezwa kwa miguu hadi Bagamoyo pwani. Yeye alibaki Ujiji, akapewa jina na bwana wake. Jina alilopewa na mama yake lilibaki ng'ambo.

Sheria ya Wajerumani ilisema mtoto yeyote wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru. Kwa hesabu za ukoo Bibi alizaliwa baada ya hapo. Waingereza nao walipiga marufuku utumwa Tanganyika nzima mwaka 1922. Kwa hiyo neno lile lilipotamkwa mbele ya Bibi, utumwa ulikuwa umefutwa miaka sitini na mitano, lakini lilichoma kama chuma cha moto. Lilichoma kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumelifanya la aibu. Katika kila khitma ya nyumba yetu majina ya marehemu husomwa kabla ya Yasini, na jina la huyo bibi mzaa Bibi halikuwahi kusomwa. Tulimficha sisi, kisha tukashangaa mtu mwingine alipomfanya silaha.

Baba alifariki mwaka juzi, hawajapatana. Nalisema kwa uchungu, maana Mtume, rehema na amani zimshukie, ametukataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Bamkubwa alikuja mazikoni, akatia udongo, akaondoka bila kuketi matangani.

Sasa juzi, baada ya tarawehe, alikuja mwenyewe kwa fimbo yake. Mama alimwekea kiti, akakikataa, akakaa mkekani kama mtu aliyekuja msibani. Akasema: "Shemeji, neno langu ndilo limemzika mdogo wangu hatujasemeshana. Nisamehe wewe, yeye nitamwomba huko." Mama alijibu kwamba ameshasamehe siku nyingi, lakini kuna mtu mwingine anadaiwa radhi. Bamkubwa akaelewa. Akaomba khitma ya Idi isomwe nyumbani kwake, na jina la kwanza kusomwa liwe la yule bibi. Shangazi alilia mpaka tukampa maji.

Kwa hiyo nawaalika. Idi mosi, tukitoka kuswali, pilau ni kwa Bamkubwa, wote, na uchochoro utakuwa na mkeka mmoja. Idi pili baada ya alasiri tunakwenda makaburini. Kaburi la yule bibi liko upande wa mwembe mkubwa, halina kitu ila mawe mawili, nyasi zimelifunika. Njooni na majembe na mapanga, na watoto waje pia. Mtume alitukataza kuzuru makaburi, kisha akaturuhusu, kwa sababu yanakumbusha. Bamkubwa amesema jiwe la kichwani ataliweka kwa mkono wake.

Na nyinyi wa Uvira, na yeyote aliyelelewa na bibi: kama uliwahi kusikia jina la kijiji, la mto, hata kipande cha wimbo wa kubembelezea mtoto kwa lugha usiyoijua, nipigie kabla ya Idi pili.