Picha ya mashine ya kuni imeninyima usingizi

Mhariri,

Majuma mawili yaliyopita ulichapisha picha ya vijana watatu wamesimama kando ya mashine waliyojitengenezea ya kupasulia magogo. Maandishi chini ya picha yaliwasifu kwa ubunifu, na sifa hizo hata mimi nawapa. Kisha nikavaa miwani, nikaisogeza picha dirishani. Mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye silinda ni ule wa kujazia magurudumu upepo, umebanwa kwa klipu za rejeta. Geji ya kupima presha hakuna. Vali ya usalama, ile inayoachia mafuta presha ikizidi, nimeitafuta kila pembe ya picha sikuiona. Kijana wa katikati amelaza kiganja juu ya gogo, na aliyeshika wenzo ni mwenzake. Nikalikunja gazeti, nikamwambia mama watoto kwamba silali kabla sijaandika.

Mimi ni fundi wa matrekta. Kwa miaka 27 nilifungua na kufunga haidroliki, yaani mitambo inayosukumwa na presha ya mafuta, za matrekta na mashine za kupakia miwa hapa magharibi, mpaka kiwanda kikafunga milango tukarudi nyumbani kila mtu na sanduku lake la spana. Mke wangu alikuwa na tenda ya kupeleka kuni shule moja ya bweni. Huku Butere mashamba mengi yaliyokuwa na miwa sasa yana mikaratusi, kwa hiyo magogo si shida. Shida ni kuyapasua. Mkaratusi mbichi hupasuka kwa shoka bila kinyongo. Uache ukauke mzima, shoka linadunda kama limegonga tairi. Shule nayo haitaki kuni mbichi, maana wapishi wanashinda wakikohoa kwenye moshi. Inabidi upasue mapema, upange, usubiri jua. Vijana wawili wa shoka hawakuweza kwenda na kasi hiyo, na mgongo wangu ulikuwa umeshastaafu kabla yangu. Mwaka 2019 nikaanza kujenga mashine.

Nieleze nilivyokosea, kwa kuwa makosa yangu ndiyo yanayonipa haki ya kusema.

Kosa la kwanza lilikuwa silinda. Nilikwenda Kibuye, Kisumu, nikapata silinda nene ya trela ya kumwaga mchanga, bei ya kutupa. Nikaifunga, ikasukuma gogo vizuri sana, ikakataa kurudi. Mtu niliyefanya kazi hii miaka 27! Silinda ya trela husukuma upande mmoja tu. Kurudi hurudishwa na uzito wa trela yenyewe. Mama watoto alicheka hadi akakaa chini. Nikarudi kutafuta silinda ya njia mbili, nikapata moja iliyotoka kwenye mashine ya kupakia miwa, kipenyo cha ndani milimita 100, mwendo sentimita 60. (Nilidai risiti. Tangu Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu mwaka 2022, baada ya milingoti ya stima kuhujumiwa, kisha ikairuhusu tena kwa masharti, risiti zangu za zamani nazo nimezihifadhi kama cheti cha ubatizo.)

La pili lilikuwa injini. Niliweka ya petroli ya nguvu farasi 6.5, iliyokuwa ikivuta maji mtoni. Kwenye gogo laini ilifanya kazi. Ikikutana na fundo, inazima. Nilikasirika, nikaitoa, nikafunga injini ya dizeli iliyostaafu kwenye kinu cha kusagia mahindi, yenye gurudumu zito la chuma ambalo likishaanza kuzunguka halisimamishwi na kitu. Nikajiona nimemaliza.

Hapo ndipo naomba vijana wale wasome polepole. Pampu yangu hutoa lita 20 kwa dakika. Silinda ile hujazwa na lita 4.7, kwa hiyo pistoni, chuma kinachosukumwa ndani ya silinda, huchukua kama sekunde 14 kwenda mwisho. Gogo likigoma katikati, pampu haijui. Inaendelea kuleta mafuta, na mafuta hayashindiliki kama upepo. Yakikosa pa kwenda, presha hupanda mpaka kitu kikubali kushindwa. Injini ile ya petroli ilipokuwa ikizima, kumbe ndiyo iliyokuwa ikinilinda. Yenyewe ndiyo ilikuwa dhaifu kuliko vyote, ikajitoa mhanga bila mimi kuielewa. Nilipoleta dizeli, udhaifu ukahamia kwingine.

Ulihamia kwenye fremu. Bloku ya vali niliyonunua ilikuwa na vali ya usalama ndani yake, lakini mwenye nayo wa zamani alikuwa ameikaza skrubu hadi mwisho, nami sikuipima. Gogo la tatu lilikuwa na fundo kama kichwa cha ng'ombe. Geji ikapita baa 150 (baa ni kipimo cha presha), ikapita 200, na mkono wangu ukaganda kwenye wenzo. Chuma cha herufi U nilichotumia kama mgongo wa mashine kikapinda kama upinde, kabari inayopasua gogo ikaelekea juu, na gogo likaruka likatua kwenye banda la kuku. Kuku mmoja tulimla siku hiyo. Lingetua penye mjukuu wangu, alikuwa hatua sita kutoka pale.

Nilibadilisha mgongo nikaweka chuma cha H. Kabari nilikata kwenye kisu cha greda, chuma kigumu sana. Mara ya kwanza nilikichomelea kikiwa baridi, asubuhi nikakuta ufa. Mara ya pili tulikipasha moto kwa makaa kabla ya kuchomelea, kisha tukakifukia kwenye majivu kipoe taratibu hadi kesho yake. Hakijapasuka mpaka leo. Lakini kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni ndogo kwa macho. Nililegeza skrubu ya vali ya usalama kabisa, nikapeleka pistoni mwisho wa mwendo wake, kisha nikakaza robo zamu, natazama geji, robo zamu, natazama geji, hadi 150. Hapo mafuta yanaanza kupita pembeni na kurudi kwenye tangi. Kwa silinda ya ukubwa ule hiyo ni nguvu ya takriban tani 12. Fundo linaloshinda tani 12 nalipindua nilijaribie upande mwingine, au nalipelekea mama mkwe akalie.

Mpira nao. Huu ndio unaoniuma zaidi kwenye picha yenu. Mpira wa haidroliki una nyavu za waya ndani yake, na ncha zake hubanwa kwa mashine, hazifungwi kwa klipu. Kisumu wapo wanaokata na kubana kwa kipimo unachotaka. Ni ghali, mipira na vali vilikula karibu theluthi ya pesa zote nilizotumia. Ndiyo maana watu huanza kubana matumizi hapo.

Mpwa wangu alikuwa akijifunza kazi kwenye gereji moja, sitaitaja. Kulikuwa na mpira uliokuwa ukilia ssss, mafuta hayaonekani yanakotoka. Akapitisha kidole gumba akitafuta. Alihisi kama ameguswa na mwiba. Damu kidogo tu, akafuta kwa suruali akaendelea na kazi. Usiku mkono ukavimba. Zahanati alikokwenda alipewa dawa za maumivu, akarudishwa nyumbani, maana kilichoonekana ni tundu dogo kama la sindano. Kumbe mafuta yalikuwa yameshapenya chini ya ngozi, yakatambaa hadi kwenye kiganja. Jeraha la namna hiyo hutakiwa kufunguliwa na daktari wa upasuaji saa zile zile, hata kama haliumi. Yeye alifika hospitali kubwa siku ya tatu. Leo ana vidole vitatu mkono wa kulia. Mpira ukivuja, zima injini. Kama ni lazima utafute tundu, pitisha kipande cha katoni, si mkono.

Tena mashine ni ya mtu mmoja. Anayeweka gogo ndiye huyo huyo anayeshika wenzo. Wakiwa wawili, mmoja atarekebisha gogo na mwingine atafikiri ameambiwa tayari. Wenzo wangu nimeuwekea springi. Ukiuachilia, pistoni inasimama papo hapo. Nimeongeza wa pili, na bila kushika yote miwili hakuna kinachosogea. Kijana wangu wa kazi alinung'unika kwamba inamchelewesha. Nikamwonyesha picha ya mkono wa mpwa wangu kwenye simu.

Watu husema ajali haina kinga. Hii ina kinga, na inatoshea kwenye kiganja: ni vali, ina skrubu moja na nati ya kuifunga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mashine hatari zizibwe penye hatari, lakini mkaguzi hafiki nyuma ya nyumba ya mtu, na mimi sitarajii afike. Ninachotarajia ni vyuo vya ufundi vya kaunti. Vijana wanaofunzwa kuchomelea vizuri sana nimewaona. Mageti yao yanapendeza. Sijakutana na hata mmoja aliyefundishwa kusoma geji ya presha kabla ya kutoka. Mwenye uwezo wa kutengeneza geti akiona mashine ya kuni kwenye simu, anaitengeneza kama geti: kila kinachoonekana kipo, kisichoonekana hakipo.

Na wewe Mhariri, mwandishi wako akienda tena kupiga picha ya ubunifu wa jua kali, amuulize fundi swali moja: kikikwama, presha inakwenda wapi? Jibu alichape chini ya picha.

Vijana wale nawakaribisha kwangu Butere, siku yoyote isipokuwa Jumapili. Waje na mashine yao kwenye pikapu, waache ule mpira nyumbani. Vali ninayo ya ziada nitawapa bure, na geji nitawaazima. Kioo chake kina ufa tangu siku ya kuku, ila bado inasoma vizuri.

Fundi wa matrekta mstaafu,
Butere, Kaunti ya Kakamega