Ukuta mmoja mlionitoza kama nyumba nzima

Tudor, Mombasa
19 Agosti 2025

Kwa Meneja,

KUH: DIPOZITI YANGU YA NYUMBA NILIYOHAMA NA MATENDO YA AFISA WENU WA UKAGUZI

Salamu kwako na kwa ofisi yako. Naandika kwa heshima, ingawa barua hii nimeianza mara tatu na kuichana, kwa sababu kila nikifika kwenye siku ya ukaguzi mkono unanitetemeka.

Kosa langu nalikubali mapema, ili lisitumiwe kunifunga mdomo. Ukuta mmoja wa sebuleni niliupaka buluu, rangi ya mafuta, kwa sababu alama za mikono ya mtoto zinafutika kwa kitambaa. Ofisi yenu ilinijibu kwa ujumbe: "Paka tu, ukitoka urudishe nyeupe." Ujumbe ninao. Wakati wa kuhama fundi akaipiga nyeupe ya maji moja kwa moja juu ya ile ya mafuta, bila msasa, bila andakoti, ile rangi ya kwanza ya kushikisha. Rangi ya maji haishiki kwenye ukuta unaong'aa. Hukauka juu yake kama ngozi, ukiikwaruza tu inabanduka. Sikulijua hilo wakati ule. Lakini ni kosa linalorekebishika: unapigwa msasa mpaka mng'ao wote uishe, andakoti, kisha nyeupe mara mbili. Fundi alinihesabia 6,500, vifaa na kazi, siku mbili.

Jumanne, 29 Julai, afisa wenu aliingia bila hodi wala salamu. Alikuwa na wapangaji wapya, mume na mke. Mamangu alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, maana viti vilikuwa vimeshateremshwa. Afisa akatoa ufunguo wa pikipiki, akauburuta ukutani kutoka kwenye swichi mpaka karibu na mlango. Rangi ikatoka utepe mzima. Akawageukia wale wageni akasema, "Hawa ndio watu wa kupewa kibanda cha makuti."

Nilimwomba hizo siku mbili. Kodi ya Julai nilikuwa nimeilipa yote na nyumba ilikuwa yangu mpaka tarehe 31. Akanijibu kwamba muda wa madoido yangu umekwisha.

Kisha ikaja hesabu yenu: shilingi 46,000. Mmeimeza dipoziti yangu ya 28,000 na mnanidai 18,000 juu yake. Mmeandika "kupaka rangi nyumba nzima". Vyumba vya kulala sikuvigusa kwa brashi tangu niingie, na nimekaa humo miaka minne. Rangi ya maji iliyopauka kwa miaka minne ni uchakavu wa kukaa, na utaratibu wenu wenyewe unasema uchakavu huo ni wa mwenye nyumba. Mmeandika matundu manne ya misumari. Niliyaziba kwa puti na kuyapiga msasa, keateka wenu aliyaona. Mmeandika pia "ukuta wa korido kuharibiwa na mpangaji".

Huo ukuta wa korido ndio unaonichoma zaidi. Umefura kwa sababu bafu la orofa ya juu linavuja. Niliwaandikia Machi, nikawatumia picha. Nikaandika tena Juni, chumvi ilikuwa imeshatoka nje nyeupe kama unga na plasta inadondoka. Mtu yeyote aliyekulia Mombasa anajua ukuta unaotoa chumvi unatoa maji kutoka ndani, na kwamba ukiupaka kabla ya kuziba maji unapoteza rangi bure. Hakuja mtu. Leo uvujaji mliokataa kuuziba umekuwa uharibifu wangu.

Nilipokuja ofisini tarehe 5 Agosti niliambiwa ukaguzi ulifanyika kwa utaratibu. Basi naomba niwaeleze tena huo utaratibu, maana nadhani hamkuambiwa yote. Aliuburuta ufunguo polepole, akinitazama mimi, hautazami ukuta. Angeweza kujaribu kwa ukucha pembeni, akajua anachotaka kujua. Alipolitaja neno la kibanda, mamangu aliinuka, ana miaka 71 na magoti yake si mazima, akamwambia, "Mwanangu, tutaupaka leo hii, usitutie aibu mbele ya watu." Hakumgeukia. Hakumjibu hata neno moja, akawa anaandika kwenye karatasi yake. Na mwanangu wa miaka tisa alipiga magoti sakafuni akaanza kuokota yale maganda ya rangi na kuyatia mfukoni. Nilipomuuliza usiku kwa nini, akasema alitaka kuyarudisha ili nisilipishwe.

Nyumba ile ndimo alimougulia nyanya wa mwanangu, mama wa babake, na humo tulimhudumia. Nilikuwa nikifuta hata kuta za ngazi ambazo si zangu. Sijawahi kuchelewesha kodi mwezi hata mmoja, na kumbukumbu mnazo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba jambo dogo: mkate 6,500 za ule ukuta mmoja, mnirudishie 21,500, mfute deni la 18,000. Nimefika hapa na naona hilo halitoshi. Nilikuwa tayari kuurekebisha ukuta kwa pesa yangu, ndani ya muda wangu, na ni ninyi mlionizuia. Kwa hiyo nataka 28,000 kamili. Nataka barua ya kuomba radhi iliyotiwa sahihi na wewe Meneja, ikiwa na jina la mamangu, si langu. Na nataka afisa huyo asitumwe tena kwenye nyumba yenye wazee na watoto.

Nawapa siku saba tangu leo. Zikipita, nakwenda Mahakama ya Madai Madogo hapa hapa Mombasa. Inapokea madai mpaka shilingi milioni moja, sihitaji wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Nitakwenda na ujumbe wenu wa ruhusa, picha za Machi na Juni, risiti za kodi za miaka minne, na fundi wangu atakuja kueleza alichokosea. Maganda ya rangi pia tumeyaweka.

Wenu,
Mpangaji wa zamani, nyumba namba 6, orofa ya pili