Barua ya wazi kwa vijana wetu huku Marekani mnaotaka kwenda jeshini

Wanangu, marahaba kwa wote.

Naandika nikiwa na hasira, sitaficha. Juzi nilialikwa kwenye sherehe ya kumuaga kijana wetu anayeingia jeshi la Marekani. Ukumbi ulikodiwa, pilau ikaliwa, mama mtu akatunzwa khanga, na mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba sasa familia imepata karatasi za uraia. Nilimvuta kijana pembeni nikamuuliza amesaini miaka mingapi. Minne, akasema. Mkataba ameusoma? Akacheka, akaniambia mwandikishaji wa jeshi alishamweleza kila kitu. Ana miaka kumi na tisa. Ukumbi ule ulijaa watu wazima, wachungaji wamo, masheikh wamo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo.

Siwakatazi kwenda. Jeshi ni kazi, na wapo watoto wetu waliosoma chuo kikuu kwa fedha zake. Ila mwende mkijua mnakokwenda.

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa vita ya Iraki ilipoanza, Machi 20, 2003. Wiki chache kabla yake, Februari 5, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliketi mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akaeleza kwamba Saddam Hussein, mtawala wa Iraki, anaficha silaha za maangamizi. Vijana wa rika lenu wakapelekwa kuzitafuta. Hazikuwapo. Baghdad ilianguka Aprili 9, na Mei 1 Rais Bush akapanda meli ya kivita akatangaza kwamba mapigano makubwa yamekwisha. Kati ya askari wa Marekani zaidi ya 4,400 waliofia katika vita ile, walio wengi walikufa baada ya hotuba hiyo. Majeruhi wakafika karibu 32,000. Raia wa Iraki waliouawa ni zaidi ya 100,000, na wengi wao walikuwa Waislamu, wakisali kama nusu ya watu waliokula pilau juzi.

Askari alifanya nini kule? Alifundishwa kuteka mji, akauteka kwa wiki tatu. Kisha mwezi Mei Paul Bremer, aliyepewa kuitawala nchi ile, akalivunja jeshi lote la Iraki kwa amri ya karatasi, na wanaume wenye bunduki wakabaki bila mshahara. Tangu hapo kijana wa Kimarekani akawa polisi, mlinzi na msuluhishi katika mitaa ambayo lugha yake haijui. Anavunja mlango wa watu saa nane usiku, watoto wanalia, na asubuhi anapita barabara iliyofukiwa mabomu. Desemba 2004, kambini Kuwait, askari mmoja alisimama akamuuliza waziri wa ulinzi, Donald Rumsfeld, kwa nini wanalazimika kuokota vyuma chakavu jalalani ili kuyakinga magari yao. Waziri akajibu kwamba mtu huenda vitani na jeshi alilonalo, si lile analolitamani. Nchi tajiri kuliko zote, na mtoto wa watu anachambua takataka asije akakatwa miguu! Kila mara mnaponionyesha video za magwanda na miziki yake, namkumbuka kijana yule.

Sasa mkataba. Hapa nitasema sana, mnivumilie.

Fomu yenyewe inaitwa DD 4. Ile miaka minne unayoambiwa ni sehemu tu. Kwa kawaida anayeingia mara ya kwanza anajifunga miaka 8. Inayobaki baada ya kutoka kambini unahesabiwa askari wa akiba, na unaweza kuitwa. Wakati wa Iraki waliitwa watu waliokwisha vua magwanda, wana kazi zao na watoto wachanga. Wengine walimaliza muda wao wakazuiwa kutoka, kwa sababu kikosi kilikuwa kinasafiri. Aprili 2007 jeshi la nchi kavu likaongeza zamu ya Iraki kutoka miezi 12 hadi 15, na wengine walizipata habari hizo wakiwa kulekule. Haikuwa hila. Fomu inasema waziwazi kwamba sheria za jeshi, mshahara na marupurupu vinaweza kubadilika bila kukuarifu, hata kama vinapingana na ulichosaini. Na ipo sentensi iliyopigwa kwa herufi kubwa tupu, isemayo kwamba kingine chochote ulichoahidiwa na mtu yeyote si halali na hakitatekelezwa. Kijana ananiambia mwandikishaji amemweleza! Mwandikishaji anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Lakini asipokuandikia kwenye viambatisho vya mkataba kwamba utakuwa fundi wa kompyuta au muuguzi, basi hakukuahidi kitu.

Na hizo karatasi zilizoshangiliwa ukumbini. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kuingia jeshini, na sheria inamrahisishia njia ya uraia, ada hatozwi. Lakini uraia hauji wenyewe. Lazima uombe, ujaze fomu ya uraia iitwayo N-400, ufuatilie, uapishwe. Na ukifukuzwa jeshini kwa kosa kabla ya kutimiza miaka mitano, unaweza kunyang'anywa. Hector Barajas alikuwa askari wa miavuli wa Marekani, hakuwa raia. Baada ya jeshi alipata kesi, akafungwa, akafukuzwa nchini akapelekwa Mexico. Huko Tijuana alifungua nyumba ya askari wenzake waliofukuzwa kama yeye, akahangaika miaka hadi alipoapishwa kuwa raia mwaka 2018. José Gutierrez, yatima kutoka Guatemala aliyeingia jeshi la Marekani, aliuawa Machi 21, 2003, karibu na Umm Qasr huko Iraki, kwa risasi za wenzake waliomdhania adui. Uraia alipewa akiwa maiti. Kijana wangu, fomu hiyo ya uraia ijaze mapema unavyoruhusiwa, na nakala mwachie mama yako.

Mengine kwa ufupi. Kila maumivu, hata ya sikio, yaandikwe kwenye faili lako la hospitali ukiwa bado kazini. Waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea takataka kwenye kambi ya Balad, Iraki, walisubiri sheria ya kuwatibu hadi 2022. Fedha za masomo kwa ukamilifu zinahitaji miezi 36 ya kazi. Usitume mshahara wote nyumbani. Ukiona wenzako wanatesa mfungwa, mkumbuke Joseph Darby, askari wa kawaida aliyezipeleka kwa wakubwa picha za wafungwa walioteswa na Wamarekani katika gereza la Abu Ghraib, Iraki.

Nanyi wazazi, msijifiche nyuma ya watoto. Shule za sekondari za hapa zinatakiwa kisheria kuwapa waandikishaji majina na simu za wanafunzi, isipokuwa mzazi akikataa kwa maandishi. Nani kati yenu ameandika? Barua za shule mnawapa watoto hao hao wawatafsirie, kisha mnashangaa mtoto ameapishwa. Na umaskini wetu unafuatwa popote ulipo. Maelfu ya vijana wa Uganda walilinda kambi za Wamarekani huko Iraki kwa ajira za makampuni, mshahara ukishuka mwaka hadi mwaka, na wengi waliomba kwenda tena.

Akirudi, msimkimbilie na mchango wa harusi. Mwacheni alale. Akishtuka usiku msiseme ni majini, mpelekeni hospitali ya askari wastaafu, haki yake ipo.

Kwa uliyekwisha kula kiapo cha kwanza lakini hujapelekwa mafunzoni: bado unaweza kujitoa. Unaandika barua kuomba uondolewe, na hupelekwi jela kwa hilo, hata kama mwandikishaji atakupigia simu mara kumi. Kama umeamua kwenda, nijie Jumapili yoyote jioni na fomu zote pamoja na viambatisho vyake. Tutasoma kila mstari kwa Kiswahili, na mama yako awepo.