Barua kwa mwanangu: Rukia aendeshe baiskeli yake mwenyewe

Sefu mwanangu,

Voisi zako nimezisikiliza zote na ramani uliyonitumia nimeiangalia, nimefurahi sana mnakuja kwangu Uholanzi na baiskeli, ila mpango wenyewe ngoja tuuongelee kabla hujalipa chochote. Km 60 kwa siku, watoto wote wawili kwenye kigari cha kukokota nyuma, kutoka melini bandari ya Hoek van Holland mpaka mji wa Groningen kule kaskazini ndani ya wiki moja? Hiyo ni safari yako wewe na Mama Rukia, watoto mmewafanya mizigo. Mi nasema hivi, Idi ana miaka mitatu sawa akae kwenye kiti, lakini Rukia ana saba na baiskeli anaijua vizuri, basi aendeshe ya kwake mwenyewe, alafu mengine yote, umbali, njia, pa kulala, yapangwe kumfuata yeye.

Najua unachoogopa. Huko kwenu Uingereza nimeona, njia ya baiskeli ni mstari tu wa rangi pembeni ya lami, lori linakupita hadi unasikia joto lake, nani ataweka mtoto pale. Huku sivyo, na usidhani Waholanzi waliamka tu siku moja wakawa hivi. Mwaka 1971 peke yake zaidi ya watoto 400 walikufa barabarani nchi hii, nchi ndogo hivi. Magari yalikuwa yameongezeka sana, mitaa ya zamani inabomolewa ili yapite. Mwandishi mmoja wa gazeti aliyefiwa na binti yake kwa kugongwa na gari akaandika kwa uchungu mwaka 1972, na kichwa cha habari yake kikawa jina la harakati ya wazazi, Stop de Kindermoord, yaani acheni kuua watoto. Wakafunga mitaa, wakakaa na watoto wao katikati ya barabara, wakawasumbua wanasiasa mpaka wakasikilizwa. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, watu wakaona wenyewe mji bila magari ulivyo. Toka hapo ndo zikaanza kujengwa kidogo kidogo hizi njia unazoziona, zenye lami yake nyekundu na taa zake, sehemu nyingi zimetengwa kabisa na magari. Kwahiyo Rukia akipita pale sio kwamba anajaribiwa, kile kinjia kimepiganiwa kwa ajili ya mtoto kama yeye, na kuna wazazi walizika ndo kikapatikana. Hata sheria iko hivyo, gari likimgonga mtoto wa baiskeli wa chini ya miaka 14, fidia inamwangukia mwenye gari karibu kila mara, hata kama mtoto ndo kakosea, ndo maana dereva wa huku akiona mtoto anaondoa mguu kwenye mafuta.

Kuna kitu nataka ujifunze kabla ya kuja. Asubuhi pale dirishani kwangu huwa nawaona wazazi wanapeleka watoto shule, mtoto upande wa ndani, mzazi upande wa nje wa barabara, na upepo ukiwa mkali mzazi anaachia usukani mkono mmoja anauweka mgongoni kwa mtoto, hapa chini ya shingo, anamsukuma taratibu huku wote wanaendelea kunyonga pedeli na kuongea. Mtoto hapotezi balansi manake mkono hausukumi kwa nguvu, unasindikiza tu. Kwenda wawili sambamba kunaruhusiwa kisheria huku. Fanya mazoezi hayo na Rukia kwenye paki ya hapo kwenu, kwanza mkiwa hamwendi mbio, alafu kwenye kona, mpaka azoee mkono wako. Manake Uholanzi ni tambarare kweli ila mlima wao ni upepo, na mtoto wa miaka saba akipigwa na upepo wa uso saa nzima atalia, wala usimlaumu.

Sasa upepo huo mara nyingi unatoka kusini magharibi, kwahiyo msipambane nao, uwe mgongoni. Mkitoka melini mfuate pwani kwenda kaskazini. Chukueni meli ya usiku kutoka bandari ya Harwich, mlale kwenye kabini, asubuhi mnashuka na baiskeli zenu na njia inaanza palepale karibu na bandari, hakuna kuhangaika. Mpaka kwangu Den Haag ni kama km 20, mnapita kwenye vilima vya mchanga, bahari kushoto. Pale kijiji cha Ter Heijde pumzikeni, kuna mchanga waliomwaga baharini mwaka 2011, mita za ujazo milioni 21.5, ili mawimbi yenyewe yausambaze kulinda pwani, watoto wachezee hapo hata masaa mawili, mwezi wa saba huku hata saa tatu na nusu usiku jua halijazama, hamna haraka ya kitu. Chakula kitakuwa tayari hapa.

Kwangu mkae siku mbili za kupumzika, alafu ndo muendelee mpaka mji wa Katwijk kwa kupitia Meijendel. Hapo ni mbuga ya vilima vya mchanga, maji ya bomba tunayokunywa Den Haag yanachujwa humo ardhini, na katikati kuna nyumba ya shamba wanauza chapati zile za maji kubwa kama sinia, na uwanja wa michezo wa watoto. Usipange kupita pale bila kusimama, na ukisimama usiangalie saa. Kutoka Katwijk kwenda Zandvoort ndo siku ndefu kuliko zote, zaidi ya km 20 na vilima vidogo vya kupanda na kushuka, ila katikati Langevelderslag kuna pa kushukia baharini, kaeni hapo mpaka Idi apate usingizi wake wa mchana akiwa amelala chini na sio kwenye kiti. Akisinzia kwenye kiti kichwa kinaangukia pembeni na kinayumba kila tuta, inaniuma kuona, tafuteni kiti kinachoegemea nyuma kidogo au mbebe kimto cha shingo. Na karibu na Zandvoort kwenye ramani utaona eneo kubwa la vilima vya mchanga linalochuja maji ya kunywa ya Amsterdam, usichore njia humo, baiskeli marufuku, kwa miguu tu, ila kulungu ni wengi. Mbele yake kidogo kuna eneo linaitwa Kraansvlak, tangu 2007 wanafuga nyati wa Ulaya humo, mkijaaliwa mtawaona kwa mbali. Mmalizie Haarlem, mrudi kwangu na treni. Treni huwa hazichukui baiskeli asubuhi na jioni za watu wa kazini, ila mwezi wa saba na wa nane zinaruhusu siku nzima, angalia tu kwanza.

Groningen achana nayo. Na tulipu usiwaahidi watoto, mwezi wa nne ndo wake, mkija nyie maua hayapo tena mashambani.

Njia msifuate simu, mwachie Rukia. Huku njia panda nyingi za baiskeli zina namba, kibao cheupe na kijani, unaandika namba zako za siku kwenye karatasi unaibandika kwenye usukani, ukifika namba ya kwanza unatafuta mshale wa namba inayofuata, basi. Huo mpango ulianzia Ubelgiji kule Limburg miaka ya tisini, aliyeubuni alikuwa injinia wa migodi ya makaa, chini kule njia za mgodi zilikuwa na namba, akazileta juu. Mtoto anayejua kusoma namba anaweza kuongoza familia nzima, na Rukia ukimpa kazi hiyo hatauliza tumebakiza kilomita ngapi. Simu mkononi unaendesha ni faini pia, tangu 2019.

Vitu vya kumfundisha kabla. Huku tunapita kulia, yeye kazoea kushoto, na nyie wazazi ndo mtasahau zaidi yake. Zile pembetatu nyeupe barabarani wanaziita meno ya papa, ncha ikikuelekea wewe unasubiri, hiyo ataishika haraka. Mkikodi baiskeli huku nyingi hazina breki ya mkono ya nyuma, unarudisha pedeli nyuma inashika, mtoto asiyejua anashtuka na anaanguka, bora aje na yake anayoijua. Helmeti sio lazima kisheria, utaona watoto wengi hawana, nyie wavisheni. Idi mpaka atimize miaka minane lazima kiti cha mtoto chenye pa kuegemea na pa kuwekea miguu, sio kwenye keria. Na vijana wa baiskeli za umeme zenye matairi manene, hao ndo wa kuangalia, wanakuja kimya na kwa kasi, mkisimama kwa lolote mtoke kabisa nje ya njia.

Kulala, nitawabukia vibanda vya mbao vya kwenye kempu, vinaitwa trekkershut, vitanda vinne, mnakuja na mashuka yenu, choo mara nyingi kiko nje cha pamoja. Hema na watoto hawa na mvua ya huku hapana.

Alafu viza ya Mama Rukia, hili usilicheleweshe hata wiki moja. Pasipoti yake ya Tanzania inahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla, kwahiyo anzeni sasa manake kiangazi nafasi zinaisha. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Atakaa kwangu, kwahiyo ile fomu ya mwenyeji nitaenda mwenyewe manispaa nisaini mbele yao wagonge muhuri, nitakutumia orijino kwa posta. Pasipoti zenu nyie angalieni tarehe, iwe haijapita miaka kumi tangu itolewe na muda uliobaki baada ya kuondoka huku uwe miezi mitatu au zaidi.

Nitumie tarehe za meli, na jina la Mama Rukia kama lilivyo kwenye pasipoti herufi kwa herufi, kesho nina nafasi ya kwenda manispaa. Na umpime Rukia urefu wa mguu kwa ndani, jirani ana baiskeli ya binti yake imekuwa ndogo, nataka kujua kama itamfaa ya kuzungukia mtaani siku za kwangu, ya kwake ipumzike.

Msalimie Mama Rukia, wabusu watoto.

Mama