Neema, kabla hujanunua matumbawe

Shosti wangu Neema,

Habari za Singida, mama na watoto hawajambo? Huku Ilazo, Dodoma, tupo, jua la mwezi wa kumi linatuchoma na vumbi ndo kama unavyolijua. Ile picha ya tenki lako la maji ya chumvi la kufugia matumbawe nimeiangalia mara nyingi yani, maji yametulia na mawe yameshaanza kuota ule utando wa zambarau, sasa hapo unaweza kuanza kuweka matumbawe. Ila nimeona umelipenda lile tumbawe la bluu, aina ya akropora, na jamaa wa Dar ameshakwambia bei, ndo maana nakuandikia kwa urefu kabla hujatuma hela.

Mimi ushauri wangu ni mmoja tu, chagua sehemu kwanza afu ndo utafute tumbawe la kukaa hapo. Wengi tunanunua rangi, tukifika nyumbani ndo tunaanza kuhangaika pa kuliweka. Tumbawe ni mnyama, ila ndani ya ngozi yake anafuga mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, na huo mwani ukipata mwanga ndo unamtengenezea sehemu kubwa ya chakula chake, kwa hiyo ukimweka pasipo na mwanga wake unamshindisha njaa, na ukimpa mwanga mkali ghafla anautoa ule mwani wote anabaki mweupe, na akikaa hivo muda mrefu anakufa. Ndo kilichotokea hata huko baharini kwetu mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani ya Tanzania yakageuka meupe na mengi yakafa.

Sasa akropora linataka kukaa juu kabisa chini ya taa kali, na mkondo wa maji wenye nguvu unaobadilika badilika, na maji ambayo hayayumbi hata kidogo, alkali ikae pale pale kwenye 8 au 9 dKH (ndo kipimo chake), kalsiamu miligramu 420 hivi kwa lita, chumvi 1.025 kwenye kile kipimo cha uzito wa maji, joto nyuzi 25 au 26. Tenki lako bado changa Neema, na umeme ukikatika huko mnakaa gizani masaa. Liache kwanza. Sio kwamba huliwezi, utaliweka tu tenki likishakomaa.

Hapo katikati ya mawe, pale kwenye kile kijukwaa cha kushoto, ndo pazuri kuliko pote kwenye tenki lako. Weka yale ya jamii ya eufilia, yale yenye mikono mirefu laini ambayo ncha zake zina umbo la nyundo. Yanataka mwanga wa kiasi na mkondo wa kiasi. Ukiliweka, vuta kiti ukae uangalie mikono yake, ikiwa inayumba taratibu kwenda na kurudi hapo umepatia, ikiwa imelazwa upande mmoja muda wote pampu inalipiga sana igeuze, maana ile ngozi laini inasuguana na mfupa wake mkali inachanika na hapo ndo kuoza kunapoanzia. Mchangani weka fungia, yale ya duara kama sahani, au yale yenye sura ya ubongo yasiyoshikana na jiwe, hata baharini yanaishi hivo hivo juu ya mchanga. Usiyapandishe juu ya mawe, yakijaa maji yanavimba na kukwaruzika.

Jambo ambalo watu hawalioni ni usiku. Mchana matumbawe yametulia unaona nafasi imebaki kubwa, sasa zima taa zote usubiri kama lisaa afu umulike na tochi yenye mwanga mwekundu. Tumbawe la galaksea kwa mfano, mchana ni vinyota vizuri vya kijani, usiku linatoa nyuzi nyembamba ndefu zinazopepea kwenye mkondo kumtafuta jirani, na kila linapogusa linaunguza, asubuhi unakuta jirani ana kovu jeupe. Kwa hiyo acha angalau sentimita 15 kati ya jamii na jamii, kwa galaksea acha zaidi, na kumbuka kila tumbawe litakua, ile nafasi unayoiona leo mwakani haipo. Zenia na zile nyasi za nyota za kijani, matumbawe laini yanayotambaa haraka, ziweke kwenye jiwe lake peke yake katikati ya mchanga, zikishika ukuta wako wa mawe ndo basi tena, zinafunika kila kitu.

Zoanthidi, vile viua vidogo vinavyoota kwa vikundi juu ya jiwe, chukua, zinavumilia na zina rangi nzuri mno. Ila una watoto wadogo kwa hiyo nisikilize vizuri hapa, baadhi yake zina sumu kali sana inaitwa palitoksini. Vaa glavu na miwani ukizishika, usizikate karibu na uso, na jiwe lililoota zoanthidi usilichemshe wala kulimwagia maji ya moto hata siku moja, mvuke wake umeshalaza watu hospitali.

Likifika lolote lile, usiliweke juu moja kwa moja. Lianzie chini kwenye kivuli, wiki moja mbili, afu lipandishe kidogo kidogo. Likipauka mwanga umezidi lishushe, likigeuka kahawia mwanga haulitoshi. Ukiridhika na sehemu ndo ulibandike na super gluu ile nzito ya jeli, inakamata hata ndani ya maji.

Na hewa yetu ya huku kavu, maji yanapungua haraka, feni ikipuliza juu ya maji inasaidia kupoza ila chumvi inapanda, kwa hiyo jazia kila siku maji matamu yaliyochujwa kwa mashine, sio ya kisima na sio ya chumvi.

Muulize pia huyo jamaa kama vipande vyake amevikuza mwenyewe kwenye tenki. Akisema vimetoka Mafia au Kilwa achana naye kabisa, Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995, na matumbawe magumu yote yako kwenye CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuyatoa nchi moja kwenda nyingine ni kwa kibali. Roho yangu haiwezi kufurahia tumbawe lililong'olewa.

Basi mwambie anipe mimi mzigo kwa treni ya SGR, nitaupokea stesheni na kuuweka kwenye deli lisipate joto, afu nakupakilia kwenye basi la asubuhi mapema pale stendi ya Nanenane. Ila nitumie kwanza picha ya mawe ukiwa umezima pampu, na upime upana wa kile kijukwaa kwa rula, tuone yanaingia matumbawe mangapi ya nyundo.

Msalimie mama sana.

Wako,
Mwajuma