Udzungwa haihitaji simba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie namna tunavyoitangaza Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Matangazo mengi ya utalii wa kusini huja na picha zilezile: simba juu ya jiwe, kundi la tembo, gari lililofunguliwa paa. Chini yake yanapangwa majina, Ruaha, Mikumi, Nyerere, na Udzungwa imebanwa mwishoni kana kwamba mgeni akifika Mang'ula, penye ofisi za hifadhi, atakuta hayo hayo. Hatayakuta. Ataondoka amenuna, na huko aendako atasema kule ni miti mitupu.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na msitu wake hauingiwi kwa gari. Unapanda kwa miguu, na askari anafuatana nanyi kwa sababu tembo na nyati wamo. Mara kwa mara naisikia hoja kwamba wageni ni wachache kwa kuwa hakuna barabara ndani, basi zichongwe. Siikubali hata kidogo. Msitu wa Udzungwa umeshikana kuanzia bondeni, mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi vileleni, zaidi ya mita 2,000. Milima mingine mingi ya nchi yetu imenyolewa chini, ikabakizwa kofia ya miti juu. Ukipasua barabara hapa, mbega aliyezoea kupita juu kwa juu utamlazimisha kushuka ardhini, na mgeni uliyemleta kwa gari utakuwa umemnyima kile kile alichokifuata.

Kwa maana hazina ya Udzungwa ni viumbe ambao Serengeti haina. Mbega mwekundu wa Udzungwa yupo katika milima hii na misitu ya Bonde la Kilombero jirani yake, basi, hakuna pengine duniani. Na si wa kutafutwa kwa taabu. Mang'ula huonekana hata karibu na ofisi za hifadhi. Yupo pia ng'olaga, yule nyani mwembamba wa kijivu ambaye wataalamu humwita mangabe wa Sanje. Sayansi ilimtambua mwaka 1979, wakati wenyeji walishamjua kwa jina na kwa mlio wake. Sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo wa pua ndefu lakini mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana, alitangazwa mwaka 2008 tu. Usiku perere, mnyama mdogo anayefanana na pimbi, hupiga ukelele mtini hadi mgeni wa mara ya kwanza akadhani mtu anauawa.

Kisa cha kwale wa Udzungwa ndicho kingenitosha mimi kuuza safari nzima. Mwaka 1991 watafiti waliopiga kambi katika milima hii waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege ambaye hawakumtambua. Kumbe kitoweo chao kilikuwa ndege asiyejulikana kwa sayansi, na ndugu zake wa karibu wako Asia! Nchi yenye kisa cha namna hii inatangaza simba, ambaye kila jirani anamtangaza.

Maporomoko ya Sanje, mita 170 kwa ngazi tatu, yanajulikana kidogo, nayo hupandwa na kushukwa kwa siku moja. Lakini hata huko mgeni akielekezwa maporomoko peke yake amepunjwa. Aelezwe kilichomlilia juu ya kichwa njiani, na aelezwe kwamba maji yale yanashuka kwenye mashamba ya mpunga na miwa aliyoyapita akija.

Hapo ndipo vijana wa Sanje, Msolwa na Mang'ula wangepata kazi ya kweli ya kuongoza wageni, si kubeba mizigo tu. Tukumbuke kwamba vijiji hivi vilizuiwa kuokota kuni ndani ya hifadhi mwaka 2011. Sababu za uhifadhi nazielewa, ila mama anayenunua mkaa kwa sababu ya msitu anastahili kuona mwanawe akila kwa msitu huo huo. Na watoto wetu wa shule wanaolala chini ya mlima huu wanakariri twiga na pundamilia, ng'olaga hawajamsikia hata kwa jina.

Ombi langu kwa wanaohusika si la fedha nyingi. Pale Mikumi, njia inapochepuka kuja Kidatu na Ifakara, liwekwe bango kubwa lenye mbega mwekundu na ng'olaga, bila simba, na liandikwe wazi: njoo na viatu vya kutembea. Shule nazo zipangiwe siku za kuja, kuanzia Juni njia zikishakauka. Wanaozileta Aprili huishia kuangalia mvua wakiwa ndani ya basi.

Mwalimu wa sayansi,
Kilombero, Morogoro