Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Makasha ya Njia ya Ukingo wa Msitu, Marangu hadi Machame

Ndugu wanachama,

Salamu kutoka Moshi. Kazi kubwa ya chama chetu cha jiokashi mwaka huu haikuwa kuficha makasha mapya bali kuyatunza yaliyopo, na ombi langu ni tuendelee hivyo hivyo. Lisiwekwe kasha jipya hata moja kwenye njia yetu mpaka kila lililopo liwe na mtunzaji anayeweza kulifikia kwa miguu na kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Mkisoma mpaka mwisho mtaona kwa nini.

Kwa waliojiunga karibuni: jiokashi ni mchezo wa kuficha kasha lenye daftari, kutangaza majira-nukta yake (namba za mahali lilipo), na mwingine kulitafuta kwa GPS, kuandika jina na kulirudisha pale pale. Uliwezekana baada ya Marekani kuacha kuvuruga mawimbi ya GPS kwa raia, tarehe 2 Mei 2000. Kesho yake Dave Ulmer aliweka ndoo ya kwanza huko Oregon. Ndoo ile ilifukiwa nusu ardhini, na ndani mlikuwa na kopo la maharage. Leo kwetu yote mawili ni marufuku: hatuchimbi, na hatuweki chakula.

Nianze na vipimo, maana hapo ndipo tulipoharibu zaidi. Njia yetu inakwenda mashariki hadi magharibi, kupitia Kilema, Kirua, Old Moshi, Uru na Kibosho, lakini mabonde yote yanateremka kutoka Mlima Kilimanjaro kwenda kusini. Ukishuka bondeni, kingo mbili zinakuziba mashariki na magharibi, kifaa kinabaki kuona kipande chembamba cha anga cha kaskazini na kusini. Matokeo yake kosa linaangukia upande wa ng'ambo. Kasha liko ukingo huu wa mto, tangazo linaonyesha ukingo ule, na mtafutaji anavuka maji bure. Ongeza majani mazito na mawimbi yanayogonga miamba kabla ya kufika, utakuta kifaa kinadai mita tano huku kimekosea ishirini.

Mtafutaji hufagia eneo lote la kosa. Kosa la mita 5 ni duara la mita za mraba zisizofika 80. Kosa la mita 20 ni zaidi ya mita za mraba 1,250. Mimea midogo iliyokanyagwa, magome yaliyobanduliwa na mawe yaliyogeuzwa kuzunguka baadhi ya makasha yetu havikufanywa na watu wabaya. Vilifanywa na watu waliopewa namba mbovu, na namba tulizitoa sisi.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Washa kifaa, kishike usawa wa kifua, usiegemee shina wala jabali, ukisubiri dakika tano kitulie. Rekodi wastani kwa dakika tano nyingine. Ondoka mita 30, rudi kwa upande tofauti, upime tena. Kisha rudi siku nyingine, na hapa wengi wanakosea: usirudi saa ile ile. Setilaiti za GPS huizunguka dunia mara mbili kwa siku na hurudi nafasi zile zile angani dakika nne tu mapema kuliko jana. Kipimo cha saa nne asubuhi leo na saa nne asubuhi kesho ni karibu kipimo kimoja kilichorudiwa, pamoja na kosa lake. Ukipima asubuhi, rudi alasiri. Vipimo vikitofautiana zaidi ya mita tano, chukua cha tatu. Mwishowe mpe mwenzako asiyejua maficho aende na namba peke yake.

Uandishi wa namba nao una mitego. Tunaandika digrii, dakika (dakika moja hapa ni sehemu ya sitini ya digrii) na sehemu za elfu za dakika. Sehemu moja ya elfu huku kwetu ni mita 1.85, iwe kaskazini–kusini au mashariki–magharibi. Simu nyingi zinatoa digrii za desimali. Digrii 3.35 ni 3° 21.000', siyo 3° 35'. Anayechanganya anamtupa mtafutaji kusini karibu kilomita 26, tambarare kuelekea Nyumba ya Mungu. Anayesahau S (kusini) akaweka N (kaskazini) anampeleka jangwani kaskazini mwa Kenya. Na wanaochukua namba kwenye ramani za zamani za 1:50,000 wajue kwamba zile zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, wakati GPS inatumia mfumo mwingine, WGS84. Tofauti ni karibu mita 300, sehemu kubwa kaskazini–kusini.

Makasha yenyewe. Kopo la bati linapata kutu masika moja. Kopo la siagi la plastiki mfuniko wake unalegea. Linalodumu ni kontena la kufunga pande nne lenye mpira wa kuzuia maji, lisilowahi kuwekewa viungo wala karanga, maana harufu haitoki hata ukiliosha mara kumi, na tumbili ataifuata. Hata hivyo, kontena zuri nalo tulilikuta na maji. Fungua utazame mfereji wa mpira: chembe ya mchanga, uzi wa jani, au mara nyingi zaidi kona ya kimfuko cha daftari iliyobanwa kati ya mfuniko na mpira. Kona hiyo ni mrija. Inanyonya mvua usiku kucha. Kata kimfuko kiwe kidogo kuliko kontena, futa mfereji kwa kidole, funga, halafu lizamishe kwenye ndoo dakika kumi kabla ya kulipeleka msituni. Kwa yale ya kuzungusha mfuniko, yalaze mdomo ukitazama chini.

Ndani weka penseli, siyo kalamu ya wino. Kurasa za daftari zitolewe kwenye mashine ya kopi ya wino wa unga. Za printa ya wino wa maji zinavuja rangi. Msiweke mchele wa kunyonya unyevu. Unaita sisimizi na panya. Na kasha lisiguse udongo, la sivyo mchwa watalijengea na wakipata upenyo watakula daftari.

Mahali pa kuficha ndipo heshima yetu kwa wenyeji inapoonekana. Kuta za mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba, ni mawe, udongo na vipande vya migomba vilivyoshindiliwa. Ukichomoa jiwe moja ili upate nafasi ya kasha, maji yanaanza kupenya, na wa chini anapoteza zamu yake. Hakuna kasha kwenye mfongo wala kwenye banio lake. Hakuna kasha kwenye masale, ile mimea ya majani marefu, maana yale ni mipaka ya vihamba (mashamba ya nyumbani) na alama za makaburi. Hakuna msumari mtini. Kila mtunzaji aende kwanza kwa mwenye kihamba, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, na juu ya kasha kuwe na maneno ya Kiswahili: "Huu ni mchezo wa kutafuta kwa GPS. Hamna kitu cha thamani. Tafadhali liache hapa." Kasha lisilo na maneno hayo, likikutwa chini ya mti na mtu anayekata majani ya ng'ombe, litadhaniwa la uchawi, naye hatakosea kulichoma moto.

Ndani ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hatuweki kasha. Msitu wenyewe uliingizwa hifadhini mwaka 2005, kwa hiyo msitegemee kumbukumbu za zamani za Nusu Maili, ule ukanda wa msitu uliokuwa ukitumiwa na wanavijiji. Ulizeni mpaka kwa askari wa hifadhi.

Kanuni ya kimataifa inataka angalau mita 161 kati ya kasha na kasha. Napendekeza kwetu iwe mita 500. Mengi yaliyobanana ndiyo yaliyoachwa bila mtu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Ninayoomba myapigie kura ni mawili: mita 500, na ukaguzi wa kila kasha mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Juni baada yake. Orodha ya watunzaji itapitishwa mkutanoni. Kasha litakalobaki bila jina mbele yake litaondolewa kabla ya mvua ya Machi, pamoja na kamba na mfuko wake.